Mlevi na mashuka matatu

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Morogoro na ninafasiri hadithi fupi ya Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wangu. Kuna mahali mjomba wa bwana harusi anafika ukumbini akiwa "three sheets to the wind", kisha anashika maikrofoni. Programu ya simu imenipa "shuka tatu kwa upepo". Mwenzangu mmoja ofisini anasema ni karatasi tatu, mwingine anasema ni matanga matatu ya meli. Kutokana na habari yenyewe nimeelewa kwamba huyo mjomba amelewa. Hayo mashuka yametoka wapi, na niandike nini?

Jibu: Marahaba mwalimu mwenzangu, na pole na kazi.

Mwenzako wa karatasi amepotea kabisa. Wa matanga amefika ufukweni ila hajapanda chombo, na asione haya, maana hata wengi waliozaliwa na Kiingereza chao wamesimama naye palepale. Neno "sheet" katika msemo huo si nguo ya kulalia, si ukurasa, wala si tanga. Ni kamba. Tanga lina pembe, na kwenye pembe yake ya chini, upande wa nyuma, hufungwa kamba ambayo baharia huivuta ili kulibana tanga au huilegeza ili kulipa nafasi, kadiri upepo unavyokuja. Kamba hiyo ndiyo Waingereza wanaiita "sheet". Sisi tunaiita demani. Kwa hiyo neno unalo tayari, tena la siku nyingi, ila Morogoro hakuna bahari na sikulaumu.

Mimi nilizaliwa Pangani, na mjomba wangu (huyu hakuwa mnywaji) alikuwa na mashua ya kupeleka nazi Unguja. Nikiwa na miaka kama kumi na moja alinipa demani niishike kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, nene kuliko kidole gumba changu, imelowa maji ya chumvi. Tulikuwa tumeshatoka mlango wa mto, kusi ikivuma kwa ubavu, tanga limejaa, nami nimeshajiona nahodha. Upepo ukazidi ghafla, kamba ikanichoma viganja, nikaiachia. Tanga lililokuwa limetuna kimya likaanza kupigapiga kwa kishindo, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikitetemeka, na ncha ya demani ikichapa huku na huku juu ya vichwa vyetu. Mashua ikapoteza mwendo. Usukani nao hukamata pale tu chombo kinapokwenda, kwa hiyo mkononi mwa mjomba ukawa mti wa bure. Tukabaki tunalewalewa, mara ubavu huu, mara ubavu ule, na mama mmoja abiria anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mjomba akaidaka ile kamba, akaivuta, akaifunga, tanga likajaa tena. Hakunipiga. Aliniambia tu nikakae kule kwenye matenga ya kuku.

Mashua ile, kwa dakika ile, ndiyo mlevi wa hadithi yako. Upepo upo, tanga halijachanika, mlingoti umesimama, hata nahodha yupo. Kilichotoka ni kile kinachoshikilia. Mabaharia wa Kiingereza walisema kamba ya namna hiyo iko upeponi, yaani imeachiwa na inapeperuka. Ndiyo maana vitabu vya karne ya 19 huandika "in the wind", na hii "to the wind" ya hadithi yako ni sura ya baadaye, iliyoshika zaidi pale watu waliposahau kwamba jambo lenyewe lilikuwa kamba. Ukikutana na sura zote mbili usihangaike, maana ni moja.

Kwenye maandishi msemo huu unaonekana mwaka 1821, katika kitabu cha masimulizi ya maisha ya starehe mjini London kiitwacho Real Life in London. Anayesemwa humo si baharia. Anaitwa kwa utani jina linalotokana na nta na nywele za nguruwe, vifaa vya fundi viatu. Maana yake ni kwamba kufikia mwaka huo msemo ulikuwa umeshashuka bandarini, ukapanda hadi kwenye vilabu vya mjini, na ukawa unasemwa juu ya mtu ambaye huenda hajawahi kushika kamba nyingine zaidi ya uzi wa kushonea soli.

Mwaka 1840 tunaukuta kwa Mmarekani Richard Henry Dana, kijana aliyeacha masomo Harvard kwa muda akaenda kufanya kazi ya ubaharia hadi pwani ya California. Anasimulia habari za mzee mmoja wa meli aliyependa kuwahubiria vijana juu ya adabu na kiasi, lakini ni nadra alipokwenda mjini asirudi demani tatu zikiwa upeponi. Mtu huyo tunamjua sote, kila mtaa una wake.

Halafu yuko Dickens, na huyu nakuomba umtazame vizuri kwa sababu atakufaa kwenye kazi yako. Katika Dombey and Son, kitabu kilichotoka kwa sehemu kati ya 1846 na 1848, Kapteni Cuttle anamwinulia rafiki yake Bunsby mshumaa usoni, anamwangalia, anagundua kwamba yuko katika hali hiyo ya kamba tatu. Na palepale, bila kuweka hata nukta, Dickens anaongeza: au kwa maneno mepesi, amelewa. Mwandishi Mwingereza, akiwaandikia Waingereza, aliona lazima awafasirie. Alijua wasomaji wake wengi ni watu wa nchi kavu, kama wa kwako.

Stevenson katika Treasure Island, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883 (wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa chenye Hazina), anamfanya haramia Long John Silver aje asubuhi na bendera nyeupe kuzungumza na mahasimu wake, baada ya mtu wao mmoja kuuawa usiku. Anawaambia kwamba labda mnadhani sote tulikuwa tumelewa, lakini mimi nilikuwa na akili zangu. Kwa "tumelewa" anatumia kamba hiyohiyo, ila hapo ni moja tu, na iko kwenye jicho la upepo. Moja, si tatu. Ishike hiyo, maana ndiyo inayojibu swali ambalo hukuuliza lakini wanafunzi wako watauliza: kwa nini tatu?

Maelezo utakayoyakuta kwingi ni kwamba zamani kulikuwa na vyombo vya matanga matatu, kila tanga na kamba yake, zote tatu zikitoka basi chombo hakifai tena. Yanaingia akilini, lakini mimi siyakubali moja kwa moja. Tanga la mraba la merikebu lina demani mbili, moja kila pembe ya chini. Merikebu ya milingoti mitatu ina matanga kwa kumi na zaidi, na demani zake zinazidi hapo. Hao ndio watu waliousema msemo, na kwao kamba tatu hazikuwa idadi ya chombo chochote. Upande wa pili yuko Admirali W. H. Smyth, aliyekusanya kamusi nzima ya maneno ya mabaharia wa Kiingereza, iliyochapishwa mwaka 1867 baada ya yeye kufariki. Humo kuna kamba moja upeponi, na maana aliyoipa ni mtu aliyelewa nusu, kwa sababu, anasema, tanga likiwa hivyo hutetemeka na kuyumba kama mlevi.

Basi moja ni nusu. Weka pamoja na Silver, utaona kilichopo ni ngazi za ulevi. Ukianza kuchangamka, kamba moja imetoka. Ukifika tatu, watu wanakushika mkono kukuvusha barabara. Sisi nasi tuna ngazi hizo ila hatuzihesabu kwa tarakimu: mtu huchangamka, hukolea, kisha huwa chakari.

Kuna hadithi nyingine inayozunguka, kwamba asili ni kinu cha upepo chenye mapanga manne, panga moja likitoka yakabaki matatu kinu kinayumba. Iache. Haina andiko nyuma yake, wakati mashahidi wote niliokutajia, ukimwondoa yule wa fundi viatu, ni watu wa baharini au wahusika wa baharini.

Kama unashangaa kwa nini mabaharia ndio waliotajirisha msamiati wa ulevi, jibu lilikuwa kwenye pipa. Jeshi la majini la Uingereza liligawa ramu kwa kila mtu kila siku, nusu painti, yaani zaidi ya robo lita, na kali tupu. Mwaka 1740 Admirali Edward Vernon aliamuru ichanganywe na maji, sehemu nne za maji kwa moja ya ramu. Yeye alikuwa na jina la utani kutokana na koti lake la kitambaa kigumu cha grogram, na mchanganyiko wake ukaitwa grog, ndiko lilikotoka "groggy", neno la Kiingereza la mtu mwenye kizunguzungu. Posho ya ramu ilikomeshwa tarehe 31 Julai 1970. Enzi za matanga wanywaji walikuwa ndio walewale waliokuwa wakikabidhiwa kamba, kwa hiyo mfano wa kumsema mwenzao walikuwa nao mkononi.

Sasa nikurudishe kwenye simu yako na shuka zake, kwa sababu hapo kuna jambo ambalo, nakiri, lilininyima usingizi siku nilipoligundua.

Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na neno "sceat", pembe ya nguo, upindo wa vazi, hata mapaja ya mtu aliyeketi anapompakata mtoto. Katika ukoo huo yakazaliwa maneno mawili. Moja likawa nguo ya kutandika. La pili likawa pembe ya chini ya tanga, na kutoka kwenye pembe jina likahamia kwenye kamba iliyofungwa hapo. Baada ya muda matamshi yakafanana, wakawa mapacha wasiojuana. Majirani zao wamehifadhi jambo hilo wazi zaidi: Mholanzi hadi leo anasema "schoot" kwa mapaja ya kumpakatia mtoto na "schoot" kwa kamba ya tanga. Kwa hiyo simu yako haikukosea ukoo, ilimwita mtoto mwingine wa nyumba ileile.

Tazama na upande wetu. Demani ni neno lililoletwa na mabaharia wa Ghuba, na nyuma yao wako Waajemi, ambao "daman" kwao ni upindo wa vazi, ile sehemu ya chini ya joho, na pia mapaja ya kupakatia. Nenda kwenye pembe ya pili ya tanga, ile ya mbele, inayoelekea upepo. Wewe huenda umewahi kusikia "upande wa joshi", yaani upande upepo unakotoka, na kinyume chake "upande wa demani". Joshi, wengine husema goshi, nalo ni la huko: "gosha" kwa Kiajemi ni pembe. Mwajemi na Mwingereza hawakukaa kikao. Kila mmoja alilitazama tanga lake akaona nguo iliyovaliwa na mlingoti, akaipa kamba jina la upindo. Sisi tukachukua la Mwajemi, tukalifanya letu, hata majira ya baada ya kusi, kati ya Agosti na Novemba, tukayaita demani.

(Na wewe usicheke sana kosa la mashuka. Mwombe mgeni anayejifunza Kiswahili akufasirie "wameanua matanga" halafu msikilize akikusimulia habari za jahazi, wakati watu wametoka msibani.)

Tukija kwenye kufasiri, jaribu la kwanza litakalokujia, hasa sasa umeshaijua demani, ni kuandika "demani tatu zikiwa upeponi" na kuona umeshinda. Subiri kidogo. Jahazi na mashua zetu ni za tanga kubwa moja, pengine na dogo la galme, mlingoti mdogo wa nyuma. Demani yetu ni moja ya kutegemewa, na mimi ni shahidi kwamba ikitoka hiyo moja mambo yamekwisha. Ukimwambia mtu wa Nungwi kwamba demani tatu zimetoka atakuuliza chombo gani hicho. Na mwanafunzi wa Morogoro hatauliza chochote, atafunga kitabu.

Tena Kiswahili hakikuwa na haja ya kumgeuza mlevi kuwa chombo, kwa sababu kimewaweka wote ndani ya kitenzi kimoja. Anayechafukwa na mawimbi, watu wa pwani husema bahari imemlevya. Chombo kinachosukwasukwa husemwa kinalewalewa. Aliyekunywa amelewa. Mwingereza anahitaji mfano ili avuke kutoka kwenye bahari kwenda kwenye pombe, sisi tuko ng'ambo zote mbili tayari. Ndiyo maana nilipokusimulia kwamba mashua ilikuwa inalewalewa hukushtuka.

Ipo misemo ya jirani utakayoitamani, na nakuonya. "Kwenda mrama" imetoka palepale, kwenye chombo kinachoyumba kwa mawimbi, lakini siku hizi kinachokwenda mrama ni mambo, mipango au ndoa. Ukiandika kwamba mjomba alikwenda mrama, msomaji atadhani amefilisika. "Kwenda arijojo" kwa picha ndiyo imekaribia kuliko zote, maana ni tiara iliyokatika uzi ikapotelea angani, kamba imetoka na upepo umechukua. Lakini maana yake ni kupotea, kuharibikiwa, haisemi pombe. Picha ileile, kazi nyingine.

Kwa hiyo usitafute bahari, tafuta kiwango cha ulevi na mdomo wa msemaji. Mjomba wa harusini yuko kwenye ngazi ya juu, na msimulizi wako anamcheka kwa upendo. "Amelewa" tupu ni maji ya uvuguvugu, haina kicheko. "Amelewa chakari" inakaa vizuri, inasomeka darasani na mkaguzi hatanuna. "Tilalila" ina mchezo zaidi masikioni, na kwa msimulizi mcheshi mimi ningeipenda hiyo. "Chopi" na "bwii" ni nzuri mdomoni mwa mhusika anayemsema mjomba kule nyuma ya ukumbi, si mdomoni mwa msimulizi. "Yuko tungi" ni ya kijiweni, na vijana wako wanaijua kuliko wewe na mimi, kwa hiyo itumie tu kama hadithi ina kijana anayezungumza. Kama ungekuwa unafasiri Stevenson, na anayesema ni Silver mwenyewe na mguu wake mmoja, hapo ningekuambia umpe demani, na usimpe maelezo: "Mtadhani demani ilikuwa imetuponyoka sote." Yule ni baharia, atasemaje vingine?

Sentensi yako mimi ningeiandika hivi: "Mjomba akaingia ukumbini kalewa tilalila, na kabla hajazuiwa akawa keshaishika maikrofoni." Angalia kwamba nimeacha "akiwa katika hali ya" na jamaa zake wote, maana mlevi anayeingia kwa utaratibu huo hachekeshi. Kama ukiona hadithi ina bahari mahali pengine, tuseme mjomba mwenyewe alikuwa mvuvi au harusi iko Bagamoyo, basi jaribu hii: "Mjomba akaingia ukumbini anakwenda kama mashua iliyoachiwa demani, mara kwa wakwe, mara kwa wapishi, hadi akaikamata maikrofoni." Hapo idadi nimeitupa na kamba nimeibakiza, na msomaji asiyejua demani bado ataelewa kwa zile "mara" mbili. Kama hadithi haina bahari popote, rudi kwa tilalila.